Lozi Shavuni

Asger Kjeldsen haongei. Hana kinyongo na mtu, hana maringo, haongei tu. Anatengeneza mabasi kwenye gereji moja hapa Randers, Denmaki, jioni anarudi, anavua viatu mlangoni, anauliza kama kuna kahawa. Ukimpigia simu utapata "ndio", "hapana" au "haya basi", na hapo amechangamka. Sisi tunaokaa naye jengo moja tulishazoea. Tulidhani na mkewe Dorte amezoea, maana yeye anaongea kwa niaba ya jengo zima.

Jioni moja tu kwa mwaka jamaa hufunguka. Ni siku moja kabla ya mkesha wa Krismasi, kabla mashangazi hawajavamia nyumba za watu. Hao wawili hujifungia jikoni wakapika chakula chao wenyewe. Walianza zamani hawana hata kochi, na bata wao wa kwanza nje alikuwa mkaa, ndani barafu. Sasa wamekuwa mafundi. Asger anashika bata na uji, Dorte anashika kabichi nyekundu na viazi vya kukaanga kwa sukari. Simu zinatupwa kwenye droo ya soksi. Mishumaa inawashwa. Asger akishapata glasi yake ya pili, anaanza kumwambia mkewe mambo ambayo wewe na mimi hatuwezi kumfikiria akiyatamka.

Halafu unakuja uji wa mchele. Ni uji uliopoa, ukachanganywa na krimu na lozi za kukatakata, juu mchuzi wa cheri wa moto. Ndani imefichwa lozi moja nzima. Anayeipata anazawadiwa nguruwe mdogo wa peremende ya lozi. Nchi nzima tunafanya hivyo, ila hawa wameongeza la kwao: mwenye lozi anaamua jambo moja la mwaka ujao, na mwenzake hana pa kukata rufaa. Ndivyo walivyopata paka. Ndivyo masharubu ya Asger yalivyoondoka.

Na ukiipata hutangazi. Unaibana shavuni, unavaa uso wa kanisani, unamwacha mwenzako ajishindilie uji akitafuta kitu ambacho kiko mdomoni mwako. Watu wazima, wenye kazi na pensheni.

Desemba iliyopita jambo lenyewe lilikuwa zito. Lisbet, dada yake Dorte, amenunua nyumba visiwa vya Kanari, na anataka waende kwake kila Krismasi kuanzia mwaka huu. Jua, bwawa, meza ndefu iliyojaa ndugu. Dorte alitaka kwenda. Asger hakutaka hata kidogo, maana ile jioni yao ingekufa, lakini si unamjua. Alisema "haya basi" akaenda kupaka mafuta bawaba za mlango ambazo hazikuwa zinalia. Mwisho wakakubaliana lozi iamue.

Asger akaipata mapema, bakuli lenyewe bado limejaa. Nilimuuliza kama alijiwekea, maana mpishi wa uji ni yeye. Alinitazama kama nimemtukana mama yake, kwa hiyo naamini hakuiba. Akaisukuma shavuni, akatulia. Ameshinda. Kilichobaki ni kunyamaza, na kwenye kunyamaza Asger hana mpinzani.

Dorte akala. Akapakua tena, akala, akafungua kifungo cha sketi. Kisha akaweka kijiko chini.

"Unajua kwa nini nataka kwenda kwa Lisbet?" akasema. "Sio jua, mzee. Kule kuna watu wa kuongea nao."

Asger akatikisa kichwa kidogo, kwa uangalifu, lozi isigonge meno.

"Hapa napata jioni moja kwa mwaka. Na leo yenyewe umekaa kama basi lililozimika njiani."

Mwone sasa huyo mwanamume. Akinyamaza, atashinda, watabaki nyumbani, na mkewe ataendelea kukaa na basi bovu. Akifungua mdomo, lozi itaonekana, na kuitema mbele ya mtu anayekaribia kulia ni ushenzi. Basi akaitafuna.

Ikalia kaa.

"Mimi naongea na wewe kila siku," akasema. "Nikiwa chini ya basi. Nakueleza kila kitu, Dorte. Nikifika nyumbani naona nimeshamaliza."

Dorte akasukuma bakuli pembeni.

"Umemwambia basi, Asger."

"Ndio."

"Mimi sijasikia."

"Hapana."

"Ila lozi nimeisikia."

Asger alijua ameshindwa. Kwa sheria yao, lozi iliyotafunwa kabla ya kuonyeshwa ni lozi iliyopotea, na ushindi unahamia upande wa pili. Akaenda kabatini, akamleta yule nguruwe, akamweka mbele ya mkewe. Baadaye aliniambia kwamba kichwani alikuwa ameshaanza kujipaka mafuta ya jua.

Dorte akamng'ata nguruwe sikio. Akatafuna polepole, kwa makusudi.

"Hatuendi," akasema. "Ila jioni kama hii naitaka kila mwezi."

"Bata kila mwezi?"

"Pika hata soseji, bwana we. Mimi nataka huo mdomo, sio bata."

Lisbet aliambiwa kwamba Asger ngozi yake haivumilii jua. Alikubali haraka mno, nadhani naye alikuwa anaogopa kukaa naye mezani.

Sasa kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi harufu ya soseji inashuka ngazi mpaka kwangu, na kupitia darini nasikia sauti nzito ya mwanamume ikienda bila kituo. Februari alieleza giaboksi moja kuanzia supu mpaka kahawa. Kesho yake nilikutana na Dorte kwenye mapipa ya taka, macho mekundu kwa usingizi. Akaniambia anafikiria kumpigia Lisbet, aulize kama vyumba bado vipo.

Alikuwa anacheka. Na Machi nikasikia wameanza mapema zaidi.