Mtu wa Mlango Mmoja

Lukusa Nkongolo, mchomeleaji vyuma wa Musonoi, alishika sheria aliyoachiwa na baba yake: ukiomba kazi kwenye mlango mmoja, usibishe wa pili mpaka wa kwanza ukujibu. Baba yake aliletwa kutoka Kasai akazeeka mgodini chini ya mwajiri mmoja. Zamani hizo neno la mwajiri lilikuwa neno.

Mwaka jana Lukusa alipeleka dosie yake katika kampuni moja inayofanyia migodi kazi: barua, picha, nakala ya diploma. Sekretari, Mama Laure, alimwambia kila dosie hutunzwa mwaka mzima. Kila alipopita kuuliza, jibu lilikuwa lile lile: "Dosie yako iko, tata. Vumilia."

Kwa hiyo rafiki yake Kasimu, mchukuzi wa bidhaa, alipompigia simu kwamba karakana moja ya malori huko Dilolo inatafuta mchomeleaji, alikataa.

"Mi niko na dosie kwa bale bantu. Bakiniita na siko?"

"Weye ni kama mwanaume mwenye anangojea bibi mwenye hakumujibu," Kasimu alicheka. "Kuja, ndugu. Huku habatangoja."

Hakwenda.

Mke wake, Huguette, hukaanga bitumbula, maandazi yetu ya asubuhi, kando ya barabara. Kama akina mama wengine, huwafungia wateja katika karatasi zilizotumika, anazonunua kwa walinzi wa maofisi. Siku moja aliiacha sufuria kwa jirani akarudi nyumbani.

"Tata Fifi," alimwita mumewe, baba wa binti yao Fifi, "angalia huyu."

Ilikuwa picha ya Lukusa, ingali imebanwa kwenye barua yake, kona imelowa mafuta. Fungu la karatasi alilonunua lilitoka kwa mlinzi wa kampuni ile ile. Ndani yake mlikuwa na dosie za majirani pia, majina na namba zao za simu wazi mbele ya kila mla bitumbula.

"Jana niliuliza," Lukusa alisema. "Aliniambia iko."

"Iko," Huguette alisema. "Mu mafuta."

Lukusa akaenda ofisini, akauliza kama kawaida.

"Iko mu kabati, tata. Vumilia."

Aliweka picha mezani. Mama Laure aliitambua.

"Bureau yetu ni kidogo, tata. Mwezi ikiisha, tunatosha dosie mu kabati, tunatupa."

"Basi mungeniambia ni mwezi."

"Tukisema vile, bantu banarudia kila siku kutusumbua."

Huo ni uongo, na ni wizi wa maisha ya mtu. Enyi wa maofisi, kama mnatunza mwezi, semeni mwezi. Mkitaka kuzitupa dosie, mrudishieni mwenyewe karatasi zake, au mzichome. Uso wa mtu si wa kupangusia mafuta. Wala ofisi ndogo si udhuru. Neno "hapana" halihitaji kabati.

Palepale getini Lukusa alimpigia Kasimu. Karakana ilikuwa imekwisha kumchukua mtu wa mji wa Kasaji.

Kushika sheria ya baba yake kulimgharimu kazi ya Dilolo. Sasa anachomelea milango ya watu pale inapotokea, na binti yake Fifi hakuingia darasani mwaka huu kwa kukosa ada.