Chai Niliyomtafsiria Jirani

Majina yao wote ninayo kichwani, la karani na la baba yake mzazi pia, maana karani huyo alizaliwa hapa hapa Kilosa nikiona. Sitayaandika. Wana watoto.

Jirani yangu alitoka Sri Lanka. Mumewe alikuwa fundi wa mitambo kwenye shamba la mkonge kule Rudewa, nao walipanga nyumba ya pili kutoka kwangu. Watu walimwita Mhindi, naye akikataa: "Mimi Mhindi hapana. Sri Lanka." Kiswahili chake kilikuwa cha sokoni, kinatosha nyanya na dagaa. Tulipatana kwa sababu mimi nimezaliwa kambini, wazazi wangu wakikata mkonge, na yeye kazaliwa kambini, mama yake akichuma chai milimani. Vyumba vyao vilipangwa mstari mmoja kama mabehewa, kila behewa familia. Mama yake alibeba kikapu mgongoni, kamba ikipita utosini, hadi nywele zikaisha pale kamba ilipokaa.

"Basi nyie chai mlikunywa mpaka mkachoka," nikamtania.

"Sisi tulikunywa vumbi lake, mama. Majani mazuri yanapanda meli."

Majani mazuri alikuwa nayo kopo moja tu. Mama yake alimnunulia siku anaolewa. Hakuwahi kulifungua, alilipangusa tu.

Mwaka juzi yule mama akaugua, simu zikawa za kila siku. Kibali cha jirani yangu cha kukaa nchini kilikuwa kimekwisha muda. Akiondoka bila kipya, kurudi huku kwa mumewe kungekuwa shida. Mume yuko Tanga kufuata vipuri. Nikamsindikiza ofisi ya uhamiaji mimi.

"Shikamoo, bibi," karani akaniamkia.

"Marahaba, mwanangu. Mama yake huyu yuko mahututi. Tusaidie."

Akafungua faili, akalifunga. "Faili lipo, bibi. Ila jua kali, koo zimekauka. Mwambie basi atuletee chai."

Jirani akanigeukia. "Anasema nini?"

Hapa kwetu kila mtu anajua chai ya ofisini haina majani. Nami nilijua. Lakini niliona aibu. Mgeni anaisifu nchi yangu kila siku, nimweleze vipi kwamba kijana niliyembeba mgongoni anataka hongo, na mama wa mtu yuko kitandani? Nikampa neno kama lilivyo.

"Anataka chai."

Uso ukamng'aa. "Chai tu?"

Kesho yake akaja na lile kopo, kalifunga kitambaa, tukarudi ofisini, akampa kwa mikono miwili. Karani alicheka mpaka akaita wenzake. "Njooni muone, nimeletewa majani!" Kisha akaniinamia: "Bibi, hivi ulimtafsiria vizuri kweli?"

"Nilimtafsiria."

"Haya, rudini wiki ijayo."

Wiki hiyo ilipofika, faili halikuonekana. Iliyofuata, karani kasafiri kwenda Morogoro. Tulipokuwa tukijiandaa kurudi mara ya nne, simu ikaja. Mama yake alikuwa amefariki.

Tulimtandikia mkeka, wanawake wa mtaa mzima, wa msikitini na wa kanisani, tukakaa naye siku tatu. Hakujua desturi yetu, ila alikaa. Siku ya tatu akaniuliza, taratibu, "Mama, ile chai haikuwa nzuri?"

Ningeweza kusema ilikuwa mbaya. Nikamweleza maana yake yote, wenzangu wakiangalia chini.

"Kwa hiyo ningempa pesa, ningemwona mama."

"Huenda, mwanangu."

"Na wewe ulijua siku ile ile."

Nikasema nilijua.

Hakulia wala hakunitukana. Alijisogeza kidogo, pakabaki kati yetu nafasi ya mtu mmoja. Mwanamke mwingine alipoingia kutoa pole, akakaa hapo.