Steringi Huanza kwa Viatu

Steringi, yule shujaa wa picha, humjui kwa uso. Hilo nilijifunza kwenye kibanda cha video pale Nyamiaga, nikiwa darasa la tano, tumebanana kwenye mabenchi ya mbao. Kwanza vinaonekana viatu vikikanyaga changarawe. Kisha mlango unalia. Muziki unakatika, na hata waliokuwa wakitafuna karanga wananyamaza. Uso unakuja mwisho, na hapo kibanda kizima kinapiga kelele. Aliyeonyeshwa uso mapema tulimhesabu maiti. Hakufika nusu ya picha.

Sasa napiga video za harusi, na mbinu ni ile ile. Mabwana harusi wangu wote wanaingia kwa viatu. Wengine huazima, maana sifa zangu zimefika mpaka Biharamulo. Watu wa jikoni siwapigi. Moshi unachafua picha, na hakuna mteja anayetaka kutazama sufuria.

Mama yangu alikuwa mtu wa jikoni. Kila harusi ya ukoo aliitwa kupika, kuanzia kwetu Mabawe mpaka kwa ndugu zetu wa Nyantakara. Alipofariki, baba akataka video fupi ya kuwaonyesha wageni baada ya misa ya arobaini, mama akiwa anatembea na kuongea. Picha ya kitambulisho aliikataa, akasema mama anaonekana kama mtu aliyekamatwa. Nikamjibu asiwe na wasiwasi, si fundi ni mimi.

Siku tatu mchana kutwa nilikaa na kompyuta nikipitia harusi za miaka sita. Sikulia. Nilikuwa mkavu tu, kama nafanya kazi ya mteja nisiyemjua. Mama hayumo. Upo mgongo wake nyuma ya turubai, upo mkono ukipokea sinia.

Siku ya tatu nikampata, kwenye harusi ya Nyantakara. Kamera nimeishusha chini, nasubiri bwana harusi atoke garini. Zikaingia kandambili za mama, moja ya bluu, moja nyekundu. Likafuata pindo la kitenge, kisha mkono ulioshika bakuli. Alikuwa ananiletea chakula, maana alijua sijatia kitu mdomoni tangu asubuhi. Kamera ikaanza kupanda. Hapo inasikika sauti yangu: "Mama, hebu toka, unaniharibia picha." Naye ananijibu kwa Kihangaza, taratibu, kwamba anapisha, ila nisikae na njaa. Kandambili zinageuka, zinaondoka. Uso haukuingia.

Nikamwonyesha baba. Alitazama, akaniambia nirudishe, akatazama tena. Nilimweleza kuwa nimetafuta kote na hakuna kingine.

"Sauti yako itoe," akasema. "Ya mama yako iache."

Nilijaribu. Lakini mama alianza kujibu kabla sijamaliza kufoka, na sauti zetu zimepandana. Nikikata yangu, yake inaondoka nayo. Nikaziacha zote mbili.

Siku ya misa tulifunga turubai uani, wageni wakala, wakakaa kutazama. Niliwasha mwenyewe, na sikuhisi kitu. Ukoo mzima ukanisikia nikimfukuza mama yangu, na yeye akikubali.