Petroli "Chafu" ya Fundi Garama

Saa moja asubuhi, Jumapili, nyuma ya zahanati ya Mtsangani huko Ganze, Fundi Garama Mwaringa amechuchumaa mbele ya dumu la petroli, chupa tupu ya soda mkononi. Waliomzunguka ni saba: muuguzi, wanakamati wawili, akina mama watatu na mwendeshaji wa mashine. Anaijaza chupa oili mpaka shingoni, anaimimina ndani ya dumu, anafunga kifuniko, anatikisa.

"Chupa moja kwa lita ngapi?" anauliza.

"Sita!" wanajibu kwa pamoja, kama watoto wa darasa la kwanza.

"Na isipotiwa?"

Mama mmoja anainamisha kichwa. Garama anajijibu mwenyewe, kwa sauti ya chini: "Injini inakufa. Na si injini peke yake."

Mashine yenyewe iko kivulini: pikipiki ya magurudumu matatu manene, rangi imebabuka, kiti kimeshonwa kwa kamba ya katani. Nyuma yake pamefungwa kitoroli chenye godoro. Kutoka hapa hadi barabara ya magari yaendayo Kilifi ni kilomita kumi na nane za mchanga na mawe, na hakuna chombo kingine cha kumfikisha mgonjwa huko.

Garama ana miaka arobaini na saba. Wiki nzima yuko Malindi, katika gereji ya Bwana Seif, mwenyeji wa mji huo anayetengeneza pikipiki hizi kwa ajili ya hoteli za ufuoni. Mshahara wake ni shilingi mia tisa kwa mwezi. Jumamosi akitoka kazini hupanda basi, akashuka, akatembea hizo kilomita kumi na nane hadi hapa kwao, aje kuitazama mashine hii moja.

Ukitaka kujua jinsi ya kuiua injini ya tustroki, aina iliyo kwenye pikipiki hizi, muulize mtalii. Wageni huziingiza baharini mpaka magurudumu yafunikwe, wakicheka na kupigana picha. Mchanga hupenya kwenye sifongo ya kuchuja hewa, ukala ringi na silinda. Chumvi nayo hula waya. Misimu miwili haiishi, mashine imekuwa kikongwe.

"Ikinifikia huwa imeshachoka," anasema Garama. "Naifua sifongo kwa petroli, naikamua, naipaka oili. Nakwangua masizi kwenye ekzosi. Nabadilisha ringi. Inaamka. Lakini mtumba ni mtumba, bwana. Leo inakucheka, kesho inakununia."

Ila kuna jambo moja ambalo injini hii haisamehe. Injini ya gari ina oili yake chini, inakaa humo. Hii haina. Oili yake hunywa pamoja na petroli, tone kwa tone. Ukiinyima, pistoni hukauka, hupata moto, hushikana na silinda, na safari imekwisha.

Jambo dogo hilo, mtu angeweza kulieleza kabla chai haijapoa. Mafundi walilificha miaka na miaka.

"Wallahi sikatai," anasema Bwana Seif, akijipepea kwa kofia yake gerejini. "Tulikuwa tukichanganya nyuma ya pazia la gunia, mteja asione. Akishajua kuchanganya, atanijia kufuata nini tena? Ndivyo tulivyofunzwa, ndivyo tulivyofunza."

Mwaka 1985 mwenye hoteli mmoja alifunga virago kurudi kwao Ulaya, akataka kuitoa mashine moja sadaka. Garama alimwandama siku tatu mpaka ikaja Mtsangani. Kitoroli alikiunda kwa mikono yake. Katika mwaka wa kwanza wagonjwa thelathini na mmoja walifikishwa barabarani, na jina la Garama likawa kubwa kijijini.

Kila wiki alikuja na dumu la petroli aliyoichanganya Malindi, nyuma ya gunia lile. Joram, mhudumu wa zahanati na mwendeshaji wa mashine, alimpokea barabarani. Maagizo yalikuwa yale yale: "Tia haya tu. Usiulize."

Joram ni mtu wa kanisa, mwaminifu wa kupindukia. Aliitazama petroli ile, akainusa, haikumpendeza.

"Ilikuwa na rangi ya matope, inanata vidoleni," anakumbuka. "Na moshi! Ukiwasha tu, kuku wanakimbia. Siku hizo kila mtu alilalamika kwamba petroli inatiwa mafuta ya taa. Nikasema moyoni, fundi huyu anawaibia wagonjwa."

Hakumgombeza mtu. Mgeni mmoja wa kanisa alipoiachia zahanati petroli yake, Joram alimwaga ile chafu, akaliosha tangi likatakata, akatia ile safi.

"Haikutoa moshi hata kidogo. Nilifurahi, jamani! Nilimwita Sista, muuguzi wetu, aje aone."

Hiyo ilikuwa Julai 1986, siku ya Jumanne. Jumatano yake Easter, binti wa Garama, alifikishwa zahanati na uchungu wa mimba yake ya kwanza. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sista Nduku, muuguzi, alimpima, akaona mtoto amekaa vibaya, akaamuru apelekwe hospitali ya Kilifi mara moja. Wakamlaza kitorolini, Sista akapanda pembeni yake.

Kwenye kilomita ya kumi na moja injini ilitoa mlio mmoja mkali, magurudumu ya nyuma yakagoma kuzunguka. Joram alivuta kamba ya kuwashia mpaka viganja vikachubuka. Baadaye yeye na wapita njia wawili walimbeba Easter juu ya godoro. Mtoto alizaliwa njiani saa nane mchana, wa kiume.

"Nilimsugua mgongo, nikampulizia pumzi," anasema Sista Nduku. "Mtoto mzito, mzuri, nywele tele. Hakulia."

Easter alifikishwa hospitali, akapona. Mtoto alizikwa Alhamisi.

Jumapili Garama aliifungua injini. Kijiji kizima kilisimama nje kikingoja jibu. Pistoni ilikuwa kavu, imekwaruzika juu hadi chini. Akainusa tangi.

"Petroli tupu," anasema. "Nilijua palepale kuwa ni mimi. Joram ningemwambia neno moja tu, leo mjukuu wangu angekuwa anaanza kutembea. Nikatoka nje, watu wakaniuliza kuna nini. Nikasema, Joram ametia mafuta siyo."

Maneno hayo hayakuwa ya uongo, na ndiyo maana yalimshinda kuyarudisha.

Joram alitukanwa sokoni. Mkewe alizomewa kisimani. Mwezi wa Agosti walihamia Magarini kulima mahindi, bila kuagwa na mtu. Garama naye aliifufua injini kwa mshahara wake mwenyewe, silinda ikachongwa upya, pistoni ikaagizwa Mombasa. Watu wakamsifu.

"Wakisema, fundi huyu ana moyo, amefiwa na mjukuu na bado anatutengenezea," anasema Garama. "Nami napokea. Nilizila sifa hizo miezi minane, bwana. Nazila, na binti yangu ameketi pembeni anamlaani Joram."

Machi mwaka huu, 1987, Sista Nduku alimwuliza kwa nini petroli yake inanuka oili. Lilikuwa swali la kawaida tu. Garama anasema neno "usiulize" lilimfika mdomoni, likakwama hapo.

Wiki iliyofuata aliomba kikao cha kamati. Alisimama mbele ya watu, akaeleza yote: oili, pazia la gunia, na zile siku alizonyamaza. Easter alikuwapo. Alimsikiliza baba yake mpaka mwisho, akajifunga leso vizuri, akatoka.

Garama alimfuata Joram Magarini. Alimkuta shambani. Joram hakuitika salamu. Alilima tuta lake mpaka mwisho, akanawa mikono, ndipo akasema, "Nifundishe."

Mwezi wa Juni akarejea Mtsangani. Leo yeye ndiye anayejibu "Sita!" kwa sauti kuliko wote.

Kijijini wengi wamemsamehe Garama, au wamechoka kumkasirikia. Easter hajasema lolote. Kila Jumapili humwamkia baba yake, humletea uji, huweka kikombe chini na kuondoka. Na sasa Easter ni mjamzito tena. Mumewe yuko kwenye mashamba ya chumvi, na Easter hana jamaa Kilifi wa kukaa kwake kungojea siku. Anatarajiwa kujifungua Novemba, mvua za vuli zikiwa njiani, na Sista Nduku amekata shauri: safari hii azalie hospitali, hakuna mjadala.

Swali ambalo Garama analala nalo na kuamka nalo ni moja: Je, atapanda?

Easter anapatikana nyuma ya nyumba ya mama yake, akichambua mchicha. Ni msichana mpole, hujibu bila kuinua macho.

"Mashine siiogopi," anasema. "Chuma hakikunikosea kitu. Joram naye hakunikosea, nimeshamwomba radhi. Lakini baba alinitazama nikimlaani mtu asiye na kosa, akanyamaza. Nikitaka kulia alinishika mkono, akanyamaza." Anaokota jani moja, analitupa. "Nina miguu. Nitatembea."

Mikononi mwa Garama mna oili mpaka kwenye viwiko anapoambiwa hayo. Haonekani kushangaa. Kwa Bwana Seif ameshaomba likizo ya Novemba yote, bila malipo, na amekubaliwa. Ringi ni mpya, plagi ni mpya, nyingine ameiweka akiba. Kila siku ya mwezi huo, anasema, mashine itakuwa mlangoni pa zahanati, imejaa mafuta, na yeye pembeni yake.

"Akipanda, nitamshukuru Mungu. Asipopanda sitamlazimisha, ana haki yake," anasema. "Atatangulia yeye na mama yake. Mimi nitakuja nyuma na mashine, imezimwa, naisukuma kwa mkono kilomita zote kumi na nane, mbali kidogo asije akanisikia. Akichoka tu akageuka, aikute."