Jumanne ya Pilau Tegeta

Mie sipendi kuonewa huruma, kwa hiyo ukianza kunisikitikia, nanyamaza. Naitwa Chausiku. Mwaka wa ishirini na sita sasa nauza khanga na vitenge hapa Temeke, nyumba hadi nyumba, mzigo begani. Baba yake Faraji alipofariki nilimlea mtoto peke yangu, nikamsomesha ufundi umeme, na sikuwahi kubisha mlango wa mtu kuomba hata chumvi. Hiyo ndiyo sifa yangu, na ndiyo iliyoniponza.

Faraji alipooa alipanga chumba Sinza, dirisha linatazamana na baa. Mjukuu wangu halali usiku kwa kelele, mkwe hasemi kitu lakini uso umemvimba. Siku hiyo akaja mbio, shikamoo yenyewe kaitupia mlangoni.

"Mama, nimepata nyumba Tegeta! Pagala, vyumba viwili na sebule, bati lipo. Mwenyewe anarudi kwao, anaiachia kwa bei ya kutupa. Zinapungua milioni nne tu."

"Nitakupa," nikasema. Hata mate sikumeza.

"Unazitoa wapi, mama?"

"Mchezo wangu wa upatu umefika. We unadhani mama yako hohehahe?"

Mchezo gani! Nilikuwa na deni. Sie wanawake watano tulikuwa na kikundi cha mkopo, tukakiita Hatuachani. Kampuni inatukopesha, tunadhaminiana wenyewe, na kila Jumanne asubuhi bwana mikopo, Edgar, anakuja kukusanya marejesho. Sheria yake ilikuwa moja: hesabu isipotimia, haondoki mtu. Mmoja akikwama, wanne wanambeba. Mkopo wangu wa zamani ulikuwa umebaki laki tisa. Nikauza mzigo wangu wote kwa hasara, nikalimaliza deni, ili nipewe mkopo mkubwa. Fomu ikauliza mkopo wa nini. Nikaandika: kuongeza mtaji wa vitenge.

Apolonia akaniwekea saini ya udhamini bila hata kusoma. "Shoga, sasa utafungua duka!" akasema, anacheka.

Huyu Apolonia ni Mhaya, ukuta wa uani tu ndio unaotutenganisha. Nilipofiwa na mume wangu alilala kwangu eda nzima, yeye Mkristo, na siku ya hitma alisimamia masufuria mpaka mwisho. Alikuwa na friza lake anauza barafu na juisi ya ukwaju. Mie kwake sikuwa nabisha hodi. Naingia, nafungua friza mwenyewe, najimiminia, nakaa kwenye kigoda cha jikoni tunawasema watu. Hivyo ndivyo tulivyoishi, mwenzangu.

Faraji akanunua nyumba. Nami nikabaki na mkopo bila mzigo. Ukiwa huna vitenge begani, unauza nini? Wiki za mwanzo nilirejesha kwa pesa za mkopo wenyewe zilizobaki kidogo, kisha nikauza pete. Kisha nikakwama. Wiki tatu mfululizo wenzangu walinichangia, nami nawaambia wateja wananizungusha. Jumanne ya tatu Edgar akafunga daftari lake. "Jumanne ijayo Mama Faraji alete za wiki nne za mbele kwa mpigo, ndiyo nimwamini. Asipoleta, kikundi kitalipa hapo hapo."

Ningesema siku ile. Wote wanne walikuwa mbele yangu, na wote mama wa watoto. Lakini mdomo huu unaowasema watu ulikufa ganzi. Waswahili wanasema mficha uchi hazai, nami nimeusema msemo huo kwa wenzangu mara ngapi!

Jioni Faraji akapiga simu: nyumba imekamilika, anataka dua ya kuhamia, nichague siku mie.

"Jumanne," nikamwambia. "Asubuhi mapema."

Nimechagua mwenyewe. Sikulazimishwa na mtu.

Jumanne ikafika nikazima simu, nikaenda Tegeta. Dua ikasomwa. Nyumba ina vigae, ina feni, mjukuu wangu anakimbia barazani anapiga kelele. Watu wananipongeza, "Hongera mama, umezaa," nami nacheka mpaka meno ya nyuma yanaonekana. Sinia la pilau likaletwa. Niko tonge la pili, Faraji akaja na simu yake mkononi.

"Ma' mkubwa Apolonia huyu. Analia, simuelewi." Akaongea kwenye simu: "Mama yupo hapa, mbona! Anakula pilau. Ngoja nikupe."

Akanikabidhi simu mbele za watu.

"Chausiku?" akauliza. "U mzima?"

"Mzima."

"Tumekutafuta wodini. Mie na Zubeda wa kikundini, wodi zote za wanawake. Nikamwambia Edgar, huyu hawezi kukimbia, huyu kapatwa na jambo. Nikasema kama yuko mochwari atamwosha nani?" Akavuta pumzi. "Basi tumshukuru Mungu u mzima."

Akakata. Lile tonge sikulimeza, nililitema kwenye khanga.

Nilirudi mchana ule ule. Ukutani kwa Apolonia pale lilipokuwa friza palibaki alama ya mraba na waya unaning'inia. Walikuwa wameliuza kwa muuza soda wa mtaa wa pili, laki tano, wiki zangu nne zikalipwa.

Faraji nilimweleza yote siku hiyo. Hakunifokea, afadhali angenifokea. "Mama, ningekaa Sinza mwaka mmoja zaidi," akasema. "Ningekufa?"

Akabeba marejesho yaliyobaki, na ile michango ya wenzangu. Mie nikaomba vitenge kwa mali kauli, niuze kwanza nilipe baadaye, nikarudi barabarani, na kila nilichopata nikakiweka cha friza. Miezi minane. Hizo laki tano nilizifunga kwenye kitambaa, nikaenda kwa Apolonia. Nilikuwa nimepanga maneno, nimepanga hata kulia.

Nilipofika uani nikasimama. Kwa mara ya kwanza katika miaka yote ile, nikabisha hodi.

Nilitaka aniambie, "We mwehu, toka lini unabisha hodi kwangu?" Wallahi nilisubiri neno hilo tu.

"Karibu, Bi Chausiku," akasema.

Akapokea pesa, akashukuru vizuri kabisa. Akaniuliza habari za Faraji, habari za mjukuu. Nikageuka kukifuata kigoda changu cha jikoni, akaniwahi.

"Hapana, huko kuna moshi. Kaa hapa." Akanifutia kiti cha plastiki pale barazani, kile anachomwekea Edgar.