Gunia Nililomficha Afisa

Siku moja ninayoikumbuka mpaka leo, mwanangu, na ambayo ningependa kuisahau, ni ile niliyompelekea afisa wa mifugo konzi ya mashudu ya pamba, yale makapi ya mbegu tunayolisha ng'ombe, pale Oyugis. Ilikuwa miaka ya tisini, nami nilikuwa bado mke mgeni bomani. Tulikuwa na ng'ombe mmoja wa gredi, chotara wa maziwa mengi, wa kwanza kwetu, na maziwa yake yalianza kupungua. Ndoo iliyokuwa ikijaa sasa ilifika nusu.

Aliyekuwa akimlisha na kumkamua ni wifi yangu Auma, aliyerudi kwao na watoto wawili baada ya kufukuzwa na mumewe. Mwanamke aliyerudi nyumbani, unajua mwenyewe anavyotazamwa huku kwetu. Hata akikohoa anaulizwa sababu. Aliniambia mara mbili kwamba ng'ombe ananusa mashudu, kisha anageuza kichwa. Nikajiambia, huyu anatafuta kisingizio.

Afisa alinielekeza vizuri. Alisema nichote katika kila gunia, juu, katikati na chini kabisa, nichanganye, kisha nimletee ayapeleke maabara yapimwe. Nilikuwa na magunia mawili: jipya, na la zamani lililokaa kwenye sakafu ya udongo tangu mvua kubwa. Hilo la zamani ndilo nililomwagiza Auma alimalize kwanza. Lilikuwa na mabonge, nikaona aibu. Kwetu mgeni hapewi ukoko wa ugali. Basi nikachota katika lile jipya tu, nikapepeta, nikafunga konzi safi kwenye karatasi.

Majibu yakaja kwamba mashudu ni mazuri, protini ya kutosha. Nilifurahi, Mungu anisamehe. Kama chakula ni kizuri, maziwa yanakwenda wapi? Kikulacho ki nguoni mwako, nikasema, nikaanza kumvizia wifi yangu. Nilinusa vikombe vya watoto wake. Akichelewa zizini nilishuku. Akiwahi kutoka, nilishuku zaidi. Akiimba huku akikamua, nilidhani anafunika mlio wa maziwa yanayomiminwa pembeni. Sikumkuta na kitu hata siku moja, na badala ya kutulia nikaamini kwamba ni mjanja kupita kiasi. Mwishowe nikamfikishia mama mkwe maneno kwamba Auma anaiba maziwa. Auma alifunga nguo zake, akachukua watoto, akaenda Karungu, kando ya ziwa, kuwaanikia watu omena, wale dagaa wadogo.

Nikaanza kukamua mwenyewe. Maziwa hayakuongezeka hata kikombe. Nilikaa na ndoo ile mapajani nikaogopa, lakini bado sikumwita Auma arudi. Nyani haoni kundule.

Afisa alipopita kututembelea, alitaka kuona mashudu yalipo. Alizamisha mkono katika gunia la zamani mpaka kwapani, akatoa bonge la kijivu lenye ukungu. Harufu yake ilinifikia pale mlangoni.

"Mama, ulinipa chakula cha mgeni," akasema. "Mimi niliomba cha ng'ombe."

Kesho yake nilikwenda Karungu. Nilimkuta Auma ameinama juu ya omena, mgongo kwenye jua, nikamwambia nimekosa. Hakuacha kazi yake.

"Nilikuambia ng'ombe anakataa chakula," akasema. "Kama mimi hukuniamini, si ungemwamini ng'ombe?"

Alirudi kwa ajili ya watoto. Gunia lile tulilifukia, na maziwa yakapanda polepole. Lakini kuanzia hapo Auma hakumkamua ng'ombe yule bila kuniita kwanza, nisimame kando yake nione. Nilimsihi aache. Aliniita kila asubuhi, kwa heshima, mpaka ng'ombe yule alipouzwa, na kila asubuhi niliumia.

Kwa hiyo nisikilize, mwanangu. Ukipeleka chakula cha mifugo kupimwa, peleka kibaya pamoja na kizuri, kwa sababu kipimo hakijui ulichokiacha nyumbani. Weka magunia juu ya mbao, mbali na ukuta, na mnyama akikataa kula, mwamini. Na moyo wako ukikutuma kumshuku mtu, hasa yule asiye na wa kumtetea, jiulize kwanza wewe mwenyewe umeficha nini. Mimi nilimwomba Auma msamaha akanipa, lakini kuniamini hakuniamini tena.

Mungu akujalie zizi lenye maziwa, mwanangu, na watu watakaokukamulia bila kukuogopa.