Wimbo wa Kuanua Dagaa

Dagaa wabichi wakimwagwa mchangani hawana sauti. Wananata tu, wanameta kama misumari mipya. Lakini jua likiwapiga tangu asubuhi mpaka saa nane mchana wanaanza kusema. Ukiwapitishia ufagio wa njiti wanalia chakacha, chakacha, kama mtama unaopepetwa kwenye ungo, na harufu yao inapanda mpaka kwenye nywele na haitoki hata kwa sabuni. Hapo ndipo wamefikia kuanuliwa. Sisi tuliokulia ufukweni, kule chini ya Nyegezi, tulijua kuwasikiliza dagaa kabla hatujajua kusoma. Mama yangu hakuwa na haja ya kuwashika. Alipitisha ufagio mara mbili, akainamisha kichwa, akasema "bado" au "leteni magunia".

Mwaka ninaousimulia nilikuwa na miaka kumi na mmoja, likizo ya mwezi wa kumi na mbili, wakati ambao mwenye dagaa hana raha. Dalili ya mvua ni mawingu, lakini mawingu ya ziwani hayapigi hodi. Unaona jua, unageuka kumfukuza kunguru, ukigeuka tena upande wa maji umekuwa mweusi. Basi ufuko mzima unainama. Wanawake wanafagia mara tatu, wanatikisa, wanatazama juu. Wanafagia mara tatu, wanatikisa, wanatazama juu. Siku moja nikiwa katikati ya heka heka hiyo nikajikuta naimba, na maneno yalikuwa yangu: "Nianue, Bwana, nimekauka, wingu lisinikute nje." Sauti yake ilishuka mwishoni kama bibi yangu, mama yake baba, alivyozoea kushusha sauti akilima majaruba ya mpunga. Sikukaa chini kufikiri. Magunia yalipofungwa, ubeti mmoja ulikuwa umekamilika. Ubeti wa pili haukuja, na mvua ilikuja.

Sasa, kanisa letu lilikuwa na desturi, na mpaka leo inayo. Ukileta wimbo mpya kwenye kwaya huanzi kuimba. Unasimama mbele ya mabenchi, unashuhudia jinsi ulivyopewa. Mmoja alipewa siku ya nne ya mfungo. Mwingine aliamshwa na sauti ikimwita jina mara tatu. Mama mmoja alipewa akiwa na uchungu wa kuzaa, na sijui nani alimshikia kalamu. Hakuna hata mmoja aliyesema ametunga. Kutunga kulihesabiwa kiburi. Mwalimu wa kwaya alikuwa Mwalimu Zakayo, fundi cherehani, ambaye hata kwenye mazoezi futi yake ilining'inia shingoni kana kwamba atatupima sauti. Na pembeni yake, kwenye kiti chake mwenyewe chenye mto, alikaa Mama Yunisi, kiongozi wa maombi. Yeye ndiye aliyepima ushuhuda.

Nikasimama Jumamosi moja na gauni langu la harufu ya dagaa. Nikatoa shikamoo kwa wote, nikaimba kabla sijashuhudia, kwa sababu nilikuwa mtoto na wimbo ulikuwa unaniwasha. Waimbaji wa besi walianza kunifuata wenyewe, bila kuambiwa. Nikaona, kwa macho yangu, Mwalimu Zakayo anatafuta kalamu ya kuandika noti. Mama Yunisi akainua mkono.

"Wimbo huu umepewaje, mwanangu?"

"Sikupewa, Mama. Nilikuwa naanua dagaa."

Watu wakacheka. Mmoja akasema sasa tutaimbiwa na furu na sangara. Mama Yunisi hakucheka. Aliniuliza sauti ile ya kushuka nimeitoa wapi, nikamjibu ukweli, kwamba bibi huimba hivyo shambani. Akauliza bibi ameokoka? Nikasema bibi hapendi kwenda kanisani, anasema viti ni vigumu. Mwalimu Zakayo akarudisha kalamu mfukoni.

Niliombewa Jumamosi tatu mfululizo. Watu wazima wanane walinizunguka, mikono kichwani, wakiikemea sauti ya bibi yangu initoke. Sikuwa mgonjwa. Nilikuwa na ubeti mmoja. Mama yangu alisimama mlangoni amekumbatia kanga yake, na hakusema neno, na hilo nimechelewa sana kumsamehe. Nyumbani nilikatazwa kumfuata bibi majarubani. Bibi aliuliza nimefanya nini. Nikamwambia nimeimba. Akasema, "Basi wewe ni mgonjwa kweli," akacheka peke yake, akaendelea kupepeta.

Nilichojifunza msimu ule ni kwamba kosa langu halikuwa wimbo. Kosa langu lilikuwa jibu. Basi Pasaka ilipokaribia nilichukua sauti ya tangazo la redio la sabuni ya kufulia, nikabadilisha maneno mawili matatu, povu likawa damu ya Yesu, madoa yakawa dhambi, nikasimama mbele ya mabenchi yale yale. Safari hii nilishuhudia kwanza. Nilisema nimeona ngazi nyeupe, na aliyesimama juu yake akaniimbia. Mama Yunisi alilia. Alinikumbatia, akasema anaona Bwana amemaliza kazi aliyoianza. Mwalimu Zakayo aliandika noti zote siku hiyo hiyo. Hakuna hata mmoja aliyeitambua ile sabuni, ingawa ilipigwa redioni kila siku kabla ya taarifa ya habari na nusu yao waliifulia. Mpaka leo mtu akiniambia "Bwana amesema nami", nashika mkoba wangu vizuri.

Lakini njia ya mwongo ni fupi, na yangu iliishia hapo hapo. Tangu siku ile sikutunga tena. Nilimaliza kidato cha nne, nikaolewa, nikahamia Mkolani, nikazaa. Niliimba soprano za watu wengine. Kila sauti ilipoanza kuchipua kichwani niliisimamisha kama askari wa barabarani: wewe umetoka wapi? Kwa nani? Nionyeshe ushuhuda wako. Nyingine nilizidhania redio, nyingine nilizidhania bibi, ambaye sasa ni marehemu, na zilizobaki nilizidhania adhabu. Mwaka huu kanisa letu lile lile limepata paa jipya, wakataka wimbo wa kuliweka wakfu, wakanikumbuka mimi, yule binti wa ngazi nyeupe. Nikakubali kwa ujinga. Nilifunga siku tatu nikiwa nanyonyesha mtoto wangu mdogo, nikaambulia kizunguzungu. Nilinunua daftari jipya. Niliomba mpaka magoti yakachubuka. Daftari likabaki jeupe.

Wiki mbili kabla ya siku yenyewe nilikwenda ufukweni kumsaidia mama, mdogo nikiwa nimembeba mgongoni, na Neema, binti yangu wa miaka saba, akitangulia. Wingu likatokea kama kawaida yake. Mama alikuwa amechoka, ufagio akanipa mimi. Mara tatu, tikisa, tazama juu. Neema naye alikuwa na kifagio chake, anaimba upuuzi wake wa kuwatisha kunguru, na mwishoni mwa kila mstari anashusha sauti. Wala hakuwahi kumwona bibi yangu, hata siku moja. Niliacha kufagia. Nikamuuliza, na nilisikia sauti ya Mama Yunisi inatoka kinywani mwangu, "Huo wimbo umeutoa wapi?"

Mtoto alisimama akatazama miguu yake. Alidhani amekosa.

Nilipata hasira ambayo sijawahi kuipata, na haikuwa kwake. Nilimwambia samahani, imba. Akaanza kwa woga, halafu akasahau woga. Nami nikaingia na wangu, ule wa nilipokuwa na miaka kumi na mmoja, na ubeti wa pili ukaja pale pale, nimeinama, na mtoto mgongoni ananivuta nywele: "Nilikuwa mbichi sikusema neno, jua lako limenipa sauti." Sikuuliza chochote. Niliuandika kwenye mfuko wa saruji kabla mvua haijaufikia.

Jumamosi nikasimama mbele ya mabenchi, Neema amekaa mstari wa kwanza. Mwalimu Zakayo ana mvi. Mama Yunisi bado ana mto wake. Nilimwamkia, akaitikia marahaba, akauliza, "Umepewaje, mwanangu?" Ngazi nyeupe ilikuwa tayari mdomoni, nakiri. Lakini mficha uchi hazai, na mimi nilikuwa nimekaa tasa miaka yote hiyo kwa kuficha. Nikasema, "Nilikuwa naanua dagaa, Mama. Kama ile mara ya kwanza. Wa ngazi nilidanganya. Ule ulikuwa wa sabuni." Nikawaimbia tangazo lenyewe, wasije wakasema sikusema wazi.

Hawakunifukuza. Ingekuwa afadhali. Mzee mmoja alisema Bwana anaweza kutumia hata sabuni, wakaitikia amina, na wimbo wa sabuni wanaimba mpaka leo, kwenye harusi hasa. Wangu umewekwa kwenye maombi. Paa liliwekwa wakfu bila huo. Mama Yunisi aliniita pembeni, akaniambia ananiangalia. Nikamjibu kwamba nami namwangalia.

Wakati ule nilikuwa na ubeti mmoja na watu wazima wanane juu ya kichwa changu. Leo nina nyimbo tano, zote zina harufu, na sijui hata moja itaimbwa lini kanisani. Naziimba nikifua, nikisonga ugali, nikimwomba Mungu, ambaye mpaka sasa hajaniuliza nimezitoa wapi. Neema huimba za kwake uani. Mimi hukaa ndani, nikanyamaza, nikasikiliza kama mama anavyosikiliza ufagio.